Robert Koch: Mtabibu Aliyegundua Chanzo cha Kimeta, Akashindwa na Ndigana Kali

Na Mwandishi Wetu

Katika Genkuru na vijiji vingine vya Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, jozi ya maksai ni nguzo ya kaya. Wanyama hao hukokota plau na mkokoteni, na mmoja wao akifa msimu wa kilimo, familia nzima huyumba. Kwa sababu hiyo, maisha ya daktari Mjerumani Robert Koch, aliyefariki zaidi ya miaka 110 iliyopita, yanawagusa wakulima na wafugaji wa leo. Mtabibu huyo alifanya kazi Dar es Salaam, Usambara na katika Ziwa Victoria, na alijifunza kwa gharama kubwa tofauti kati ya dawa iliyotangazwa na dawa iliyothibitishwa.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, baba yake akiwa ofisa wa migodi. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866, na kuanzia mwaka 1872 alikuwa daktari wa wilaya huko Wöllstein, eneo la wakulima ambalo sasa liko Poland. Huko kimeta kiliua kondoo, ng'ombe na farasi, na wakati mwingine watu waliogusa mizoga.

Bila maabara ya serikali wala msaidizi, Koch alichukua damu ya mifugo iliyokufa na kuwaambukiza panya kwa vijiti vya mbao. Kisha aliotesha vimelea hivyo katika majimaji ya jicho la ng'ombe na kuvitazama kwa hadubini. Mwaka 1876 alionesha kwamba kimeta husababishwa na bakteria mmoja mahususi, na kwamba bakteria huyo hutengeneza mbegu ngumu zinazoweza kudumu ardhini kwa miaka mingi. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini malisho yaleyale yaliua mifugo mwaka baada ya mwaka.

Sifa zake zilienea. Machi 24, 1882 alitangaza jijini Berlin ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, na miaka miwili iliyofuata alichunguza kipindupindu nchini Misri na India.

Mwaka 1890 ndipo alipoteleza. Mbele ya mkutano wa kimataifa wa madaktari jijini Berlin, alidokeza kwamba amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu. Dawa hiyo iliitwa tuberkulini, na kwa miezi kadhaa Koch hakueleza ilivyotengenezwa. Zama hizo magazeti yalijaa matangazo ya dawa za siri za kutibu kila maradhi, na kwa kuficha mchanganyiko wake, mwanasayansi aliyeheshimiwa sana alifanya kama wauzaji hao. Wagonjwa walimiminika Berlin. Wengi hawakupona, na baadhi walifariki. Mwaka 1891 ilifahamika kwamba dawa hiyo ilikuwa dondoo ya bakteria haohao iliyotengenezwa kwa gliserini, na kwamba haikuwa tiba.

Hata hivyo, tuberkulini haikutupwa. Baadaye ilibainika kuwa ni kipimo kizuri cha kutambua maambukizi ya kifua kikuu kwa binadamu na ng'ombe, na kwa kazi hiyo inatumika hadi leo.

Wakati huo Afrika ilikuwa katika msiba wa sotoka. Ugonjwa huo ulikwisha kufagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na mwaka 1896 ulivuka Mto Zambezi kuelekea kusini. Huko walowezi walitegemea magari ya kukokotwa na ng'ombe, kwa kuwa farasi wengi waliuawa na ugonjwa wa farasi unaoenezwa na visubi, au na nagana inayoenezwa na mbung'o. Desemba 1896 Koch aliwasili Kimberley, Afrika Kusini, na baada ya miezi michache alipendekeza chanjo ya nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Njia hiyo iliokoa baadhi ya makundi, lakini haikuwa na uhakika, na wataalamu wengine waliiboresha.

Baada ya kwenda India kuchunguza tauni, alifika Dar es Salaam mwaka 1897. Alichunguza malaria na magonjwa ya mifugo, na katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vimelea vidogo sana. Alidhani ni sura nyingine ya ugonjwa wa kupe uliojulikana Marekani, na hakuendelea navyo.

Kosa hilo lilimrudia. Kuanzia mwaka 1901 ng'ombe walianza kufa kwa wingi katika Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Zimbabwe. Ugonjwa ulikuwa umeingia kupitia bandari ya Beira, pamoja na mifugo iliyoletwa kufidia ile iliyokufa kwa sotoka. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903, na alipotazama damu ya wanyama hao alitambua vimelea alivyowahi kuviona Dar es Salaam. Aliuita homa ya pwani ya Afrika. Wafugaji wetu wanaujua kwa jina la ndigana kali.

Koch alipendekeza ng'ombe wadungwe mara kwa mara damu ya wanyama waliopona. Walowezi walifuata ushauri huo kwa matumaini makubwa, lakini ng'ombe waliendelea kufa na magari yakakosa wa kuyakokota. Wakati huohuo, watafiti wa Afrika Kusini walionesha kwamba ugonjwa huo huenezwa na kupe wa masikio wa rangi ya kahawia. Kilicholeta nafuu ni kuogesha mifugo kwenye majosho kwa ratiba isiyokatika, pamoja na kudhibiti uhamishaji wa ng'ombe.

Mwaka 1905 Koch alitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa utafiti wa kifua kikuu. Mwaka 1906 alirejea akiongoza msafara wa kuchunguza malale, akapitia Amani na Mwanza hadi Visiwa vya Sese, Uganda. Huko aliwatibu wagonjwa kwa dawa ya kiwandani yenye arseniki iliyouzwa kwa jina la Atoxyl, jina lililotungwa kuashiria kwamba haina sumu. Baadhi walipata nafuu ya muda, lakini dozi ilipoongezwa, wengine walipofuka na hawakuona tena. Utawala wa Kijerumani ulifungua kambi za wagonjwa wa malale katika maeneo ya ziwa, ikiwemo Shirati, ambayo leo iko Wilaya ya Rorya, jirani na Tarime.

Koch alifariki Mei 27, 1910 huko Baden-Baden, na majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi yenye jina lake jijini Berlin.

Baada yake kazi iliendelea. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Chanjo ya kimeta huzalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) huko Kibaha, na ndigana kali sasa ina chanjo iliyotokana na utafiti wa miaka mingi uliofanyika Muguga, Kenya.

Kwa mfugaji wa Genkuru, historia hii ina maana ya moja kwa moja. Aogeshe mifugo kwa ratiba, achanje kwa wakati, asichune wala kula mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, na atoe taarifa kwa Afisa Mifugo. Anaponunua dawa, ahakikishe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), kwa kuwa jina zuri kwenye chupa, na hata heshima ya anayeipendekeza, si uthibitisho kwamba inaponya.