Kanoni Apolo Kivebulaya: alizikwa akielekea msituni

Kila tarehe 30 Mei Waanglikana hukumbuka kifo cha Kanoni Apolo Kivebulaya. Sisi wa Butembo na Beni tu wajukuu wa kazi yake, kwa maana Kanisa letu la Anglikana lilianzia Boga, katika Ituri, na mwanzilishi ni yeye.

Alizaliwa Buganda mnamo 1864, akabatizwa Januari 1895. Kivebulaya ni jina la utani, maana yake kitu kilichotoka Ulaya, kwa ajili ya koti jekundu la askari alilolivaa.

Disemba 1896 alivuka mto Semliki akafika Boga kwa chifu Tabaro. Mahubiri yake juu ya ulevi na wake wengi yalimchukiza chifu. Kisha dada ya Tabaro alikufa kwa ajali, akichomwa na mkuki uliokuwa katika majani. Apolo akashtakiwa kwamba amemwua, akapelekwa gerezani huko Toro. Humo, alishuhudia, Bwana Yesu alimtokea akamtia moyo. Alipofunguliwa hakwenda kwao kupumzika. Alirudi Boga kwa watu wale wale, na Tabaro mwenyewe akatubu, akabatizwa.

Alifanywa shemasi mwaka 1900, kasisi 1903, kanoni 1922. Hakuoa, maana mchumba wake alifariki. Katika uzee wake aliingia msituni kwa Wambuti, watu waliodharauliwa na majirani, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, kwa sababu upande ule wa msitu kazi ilikuwa haijaisha.

Leo kwetu msitu ni neno la hofu. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021 wauaji waliingia hata Boga. Hatusemi mtu aende kujitoa kwa panga. Lakini kuna wanaotoka msituni: Wambuti waliokimbia makao yao, na vijana waliotekwa kisha wakaponyoka. Mara nyingi tunawatazama kwa mashaka, hata ndani ya kanisa. Apolo alirudi kwa waliomfunga. Je, sisi tutashindwa kuwasogezea benchi hawa ambao hawakutukosea lolote? Bwana atusaidie.