Bwana Swynnerton na Chakula cha Mbung'o

Wengi wetu shuleni hapa tu watoto wa wafugaji, nasi tumesikia wazee wakisimulia jinsi mbung'o alivyoua ng'ombe kwa nagana na kuwahamisha watu katika nchi nzuri. Basi yafaa tumjue Charles Swynnerton, aliyetumia miaka yake 20 ya mwisho kumchunguza mdudu huyo.

Alizaliwa mwaka 1877, mwana wa kasisi Mwingereza aliyefanya kazi Bara Hindi. Akiwa kijana alikuja Afrika, akasimamia shamba huko Chirinda, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe. Alipenda mno ndege. Aliwapa vipepeo na wadudu wengine, mmoja baada ya mmoja, huku akiandika. Ndege mwenye njaa alikula karibu kila kitu. Alipoanza kushiba aliwakataa wenye ladha mbaya, akapokea watamu tu. Jambo hili laonekana dogo, lakini msomaji alikumbuke.

Mwaka 1919 Swynnerton akawa bwana nyama mkuu wa kwanza wa Tanganyika, na mwaka 1929 mkurugenzi wa utafiti wa mbung'o. Watu wake walifanya kazi Kondoa na Shinyanga.

Mbung'o, dume na jike, hali kitu ila damu. Nguvu ya jua huingia katika majani. Ngiri hula majani, na mbung'o humnyonya ngiri. Katika kila hatua nguvu nyingi hupotea kama joto, na pengine sehemu moja tu katika kumi huendelea mbele. Mwalimu hutuchorea piramidi, majani chini na simba juu. Lakini ngiri mmoja hulisha mbung'o wengi, kwa hiyo ukihesabu vichwa, piramidi yasimama kichwa chini! Ukipima nguvu haipinduki kamwe, maana damu yote waliyonyonya haifikii nguvu ya majani aliyokula ngiri.

Swynnerton aliona kwamba mbung'o ahitaji pia kivuli cha vichaka. Kwa hiyo aliwaomba watemi wa Usukuma, na watu wao wakatoka kwa maelfu kufyeka. Tena alitaka nyasi zisichomwe mapema, bali mwisho wa kiangazi zikiwa zimekauka kabisa, ili moto uwake kwa ukali na kuviua vichaka.

Tarehe 8 Juni 1938 eropleni aliyopanda ilianguka, akafa pamoja na Burtt, mtaalamu wake wa mimea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watafiti wa Shinyanga walijaribu njia nyingine, yaani kuuondoa mlo wenyewe. Walipiga risasi wanyama zaidi ya 8,000. Mbung'o walitoweka kweli. Lakini damu iliyomo matumboni mwa mbung'o ilipopimwa kwa ustadi zaidi, ilionekana kwamba hupenda hasa ngiri, nguruwe mwitu, nyati, pongo na tandala. Pundamilia na nyumbu huwagusa kwa nadra. Kumbe wanyama wengi walikufa bure. Ndege wa Chirinda walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba mlaji huchagua.

Aina moja ya mbung'o wa Tanzania ya kaskazini na Kenya yaitwa Glossina swynnertoni kwa heshima yake. Jina lake limepewa pia ndege mdogo wa misitu ya Udzungwa na Usambara, naye hula wadudu.