Daudi Zakayo Kivuli: Mzee aliyelinda kanisa bila kufunga mlango

Ukiwa Shieywe hapa mjini Kakamega siku ya Jumapili, lazima umewahi kuwaona. Kanzu nyeupe, vilemba, bendera mbele, ngoma nyuma. Pengine ulitoa simu ukawarekodi, kisha ukaendelea na shughuli zako. Makanisa ya namna hiyo ni mengi huku Magharibi. Leo hebu tumzungumzie mwanzilishi wa mojawapo, African Israel Church Nineveh. Jina lake Daudi Zakayo Kivuli.

Panda matatu ya Kisumu, pita Chavakali na Mbale, ufike Nyang'ori. Huko ndiko Kivuli, aliyezaliwa 1896, alikuwa msimamizi wa shule za misheni ya Wapentekoste kutoka Kanada, ile iliyozaa kanisa la PAG la leo. Enzi hizo kazi hiyo ilikuwa na heshima zake. Mwaka wa 1932 aliamini kwamba amejazwa Roho Mtakatifu. Hakukurupuka. Aliomba ruhusa kwa mkuu wake wa misheni, akapewa, akaanza kuhubiri kwa Waluhya na Wajaluo.

Usidhani ruhusa hiyo ilikuwa jambo dogo. Mwaka wa 1927 kule Kaimosi, kwenye misheni ya Friends, kulizuka watu waliolia wakiomba, wakaungama dhambi hadharani na kunena kwa lugha. Wakuu waliona ni upotovu. Mwishowe watu hao walitengwa, wakaenda kuanzisha makanisa yao. Kivuli naye alipoanzisha kanisa lake mwaka wa 1942, aliondoka kwa amani, tena mkuu wake wa zamani akimtia moyo.

Sasa ikawa zamu yake kuwa mlinzi. Na alikuwa mkali, we! Pombe marufuku, tumbaku marufuku, nyama ya nguruwe marufuku. Ijumaa ikawa siku takatifu. Dhambi ziliungamwa mbele ya watu. Ukisoma orodha hiyo utasema huyu mzee alipenda sheria kupita kiasi.

Lakini ngoja kidogo. Nyumbani kwake, mahali alipopaita Nineveh, wagonjwa, yatima na wageni walipokelewa. Mwanamume mwenye wake wengi, ambaye misheni nyingi zilimnyima ubatizo, alikubaliwa pamoja na watu wake. Viongozi na wale ambao hawajaoa ndio walioagizwa wawe na mke mmoja. Kwa hivyo sheria ilikuwepo, ila haikutumiwa kuvunja familia ya mtu.

Kivuli alifariki mwaka wa 1974. Mjane wake akashika usukani, kisha mwaka wa 1983 akaja mjukuu wao, aliyesomea theolojia na kuanza kulirekebisha kanisa. Desturi za mwanzilishi hazikugeuzwa kuwa kitu kisichoguswa.

Kwa nini nakusimulia haya wewe wa kizazi cha simu? Kwa sababu ua wa boma hulinda ng'ombe, lakini ukiuziba bila kuacha mlango, ng'ombe watakufa njaa ndani. Mwaka wa 2023 tuliona kule Shakahola, Kilifi, watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kukutana na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watoto ikiwemo.

Basi mhubiri yeyote akikuletea sheria, iwe ya suruali, ya nywele, ya chakula au ya sadaka, usikimbilie kucheka wala kusema amina. Jiulize kwanza: inamlinda nani? Naruhusiwa kuuliza swali? Mgonjwa akitaka kwenda hospitali, ataachwa aende? Na siku nikitaka kuondoka, nitaondoka kwa amani kama Kivuli alivyoondoka Nyang'ori?

Jibu likiwa la, wewe ondoka mapema. Na Jumapili ijayo ukisikia ngoma zile pale Shieywe, angalau utajua kuna historia nyuma yake.