Joy Adamson: Kabla ya Simba wa Disney, kulikuwa na Elsa wa Meru

Muulize kijana wa Makutano mjini Meru, au wa mtaa wa Majimbo kule Embu, akutajie simba maarufu zaidi duniani. Atakutajia Simba au Mufasa wa filamu ya katuni ya The Lion King. Na ukimtajia jina Elsa, hasa kama ana dada mdogo nyumbani, akili yake itaenda moja kwa moja kwa yule malkia wa barafu wa Frozen.

Si makosa yake. Kampuni ya Disney imefanya kazi yake vizuri. Elsa wa Frozen, filamu ya 2013, alijengewa hadi safari yake ya mashua katika bustani ya burudani ya Epcot, Florida, mwaka 2016. Watu hupanga foleni kumwona, na wakifika wanakuta ni mashine inayoimba.

Sasa, kuna Elsa mwingine aliyemtangulia huyo kwa zaidi ya nusu karne. Huyu alikuwa simba jike wa kweli, mwenye kucha na meno, na kaburi lake liko kando ya mto Ura, ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Dunia nzima ilimjua kwa sababu ya mwanamke mmoja mkaidi aliyeitwa Joy Adamson.

Maisha yake yanafaa kusomwa leo, kwa sababu yanaonyesha jinsi hadithi inavyoweza kugeuza kichaka kuwa mahali ambapo watu wa mbali wanatamani kufika. Yanaonyesha pia jambo ambalo hadithi peke yake haiwezi kulifanya.

Kutoka Vienna hadi Kenya

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Friederike Victoria Gessner. Alizaliwa Januari 20, 1910, katika mji wa Troppau, ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria na Hungary. Leo mji huo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Czech.

Wazazi wake walitengana akiwa bado mdogo, akalelewa na nyanya yake huko Vienna. Alisomea muziki akitaka kuwa mpiga piano, akajaribu uchongaji, akafikiria udaktari. Yaani alikuwa kama vijana wengi wa leo: vipaji vingi, ila hajui ashike lipi.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara Myahudi. Wanazi walipozidi kutishia Ulaya, wawili hao walianza kutafuta mahali pa kuhamia, na mwaka 1937 mke akatangulia kuja Kenya kuchunguza mazingira. Kumbe safari hiyo ndiyo ingevunja ndoa. Melini alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na mwaka uliofuata wakaoana. Bally ndiye aliyempa jina Joy, na ndiye aliyemhimiza achore mimea.

Ndoa hiyo nayo haikudumu. Mwaka 1944 Joy aliolewa mara ya tatu, na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyesimamia eneo kubwa la kaskazini akiwa na makao yake Isiolo.

Kabla ya simba kuja, Joy alikuwa tayari na jina kama mchoraji. Serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali wakiwa katika mavazi na mapambo ya asili. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa na kuchora mamia ya picha za wazee, wapiganaji, mabibi harusi na vijana waliotoka jandoni, wakiwemo watu wa jamii zinazouzunguka Mlima Kenya. Nyingi ya picha hizo zilihifadhiwa katika makavazi ya taifa jijini Nairobi. Kwa baadhi ya jamii, michoro hiyo ni miongoni mwa kumbukumbu chache za rangi za jinsi mababu walivyojipamba.

Kisha akaja Elsa

Februari 1, 1956, George alikuwa kazini akimsaka simba aliyeua mtu. Simba jike mmoja akamrukia, naye akampiga risasi. Baadaye ndipo ikagunduliwa kwa nini alikuwa mkali vile: alikuwa akilinda watoto watatu waliojificha kwenye mwamba.

George aliwabeba hadi nyumbani. Wawili walipokua walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Yule mdogo kabisa, Elsa, akabaki. Alilala kwenye kitanda cha Joy na kusafiri juu ya paa la Land Rover.

Rahisi ingekuwa kumfuga hadi azeeke, au kumpeleka Ulaya kama dada zake. Joy alikataa. Alitaka Elsa arudi porini na ajifunze kuwinda mwenyewe, jambo ambalo wengi waliliona kama ndoto tu. Jaribio la kwanza, katika eneo la Maasai Mara, lilishindikana. La pili, kando ya mto Ura upande wa Meru, likafaulu. Elsa aliwinda, akapata dume wa mwituni, na mnamo Desemba 1959 akazaa watoto watatu: Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Hakuacha kuitembelea kambi ya Joy.

Hebu tusimame hapo kidogo, maana filamu huwa hazisimami hapo. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa imetengwa na baraza la wilaya ya Meru, baraza la Waafrika wenyewe, kama hifadhi ya wanyama, wakati ambapo hifadhi nyingi ziliamuliwa na wazungu ofisini Nairobi. Na jirani walikuwepo wafugaji wenye mbuzi. Simba aliyezoea binadamu kiasi cha kutomwogopa si mchezo kwa mtu anayelala kwenye nyumba ya udongo. Baraza likawaambia akina Adamson wamhamishe Elsa.

Hawakuwahi. Januari 24, 1961, Elsa alikufa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe, akiwa na umri wa takriban miaka mitano. Watoto wake, bila mama wa kuwafunza kuwinda vizuri, waliingia kwenye maboma ya mbuzi. Jespah akarudi na ncha ya mshale mwilini. Mwaka huohuo watatu hao wakanaswa na kuhamishiwa Serengeti, Tanganyika.

Kitabu, kisha filamu

Kitabu cha Joy, Born Free, kilitoka mwaka 1960. Kiliuza nakala mamilioni na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Filamu ikafuata mwaka 1966, wakiigiza Virginia McKenna na Bill Travers, na ilipigwa hapa Kenya, upande wa pili wa mlima kule Naro Moru. Muziki wake ulishinda tuzo mbili za Oscar.

Miaka hiyohiyo, huko Marekani, mtu mwingine alikuwa akigeuza filamu kuwa mahali pa kutembea. Julai 17, 1955, Walt Disney alifungua Disneyland katika mji wa Anaheim, California. Bustani za bembea zilikuwepo tangu zamani, lakini yeye alikuja na wazo la kukuingiza ndani ya katuni uliyoiona sinemani. Ulikaa kwenye gari dogo na kupita katika vyumba vya giza ukiishi hadithi ya Snow White, au ukapaa juu ya London usiku pamoja na Peter Pan. Mwaka huohuo tembo Dumbo naye akapewa bembea yake.

Palikuwa pia na safari ya mashua iliyoitwa Jungle Cruise, iliyoiga mito ya Afrika na Asia. Disney alitaka kuweka wanyama hai kandokando ya mto. Wataalamu wakamweleza kwamba wanyama hao wangelala mchana kutwa au kujificha, na mgeni aliyelipa pesa zake asingeona kitu. Basi wakatengeneza viboko na tembo wa mashine, wanaotokeza vichwa kila mashua inapopita.

Tofauti kati ya Anaheim na Meru ndiyo hiyo. Kule hadithi ilikuja kwanza, kisha mahali pakajengwa kuifuata, na kila kitu hutokea kwa saa yake. Hapa mahali palikuwepo kwanza, na hadithi ikaleta wageni. Simba wa Meru hana ratiba. Anaweza kukuruhusu umwone, na anaweza kukunyima.

Walt Disney aliaga dunia Desemba 1966. Mwaka huo ndio Born Free ilitoka, na ndio hifadhi ya Meru ilipofanywa rasmi kuwa mbuga ya kitaifa. Sehemu ya pesa za vitabu vya Joy, kupitia mfuko aliouanzisha kwa jina la Elsa, ilisaidia kuijenga.

Bei ambayo filamu haikuonyesha

Filamu ilihubiri uhuru, lakini simba wengi walioigiza ndani yake waliishia kwenye bustani za wanyama. George alipewa wachache tu, akawaleta Meru mwaka 1965 na kupiga kambi kwenye kilima cha Mughwango. Joy naye aliishi katika kambi nyingine mbugani humo, akimfunza duma aliyeitwa Pippa kurudi porini.

Ndiyo, mume na mke walikuwa katika mbuga moja, kambi mbili. Joy hakuwa mtu rahisi. Alikuwa na hasira za haraka, aligombana na George, na aligombana na wafanyakazi. Upendo aliowapa wanyama, watu waliokuwa karibu naye hawakuupata kwa kiasi hicho.

Mwaka 1969 simba mmoja wa George, aliyeitwa Boy, alimjeruhi mtoto mdogo wa msimamizi wa mbuga. George akalazimika kuondoka Meru, akahamia Kora ng'ambo ya mto Tana. Huko, mwaka 1971, Boy alimuua mmoja wa wafanyakazi wake, na George akampiga risasi simba aliyemlea. Tukisimulia hadithi ya simba rafiki wa binadamu, na hilo tulisimulie.

Joy alihamia Shaba, karibu na Isiolo, kumfunza chui. Jioni ya Januari 3, 1980, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70, alikutwa amekufa karibu na kambi yake. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba. Uchunguzi ukaonyesha alidungwa kwa silaha, na aliyekuwa mfanyakazi wake akapatikana na hatia. Majivu yake yalirudishwa Meru na kunyunyizwa kwenye makaburi ya Elsa na Pippa.

Mbuga aliyoiacha nayo iliingia gizani. Miaka ya 1980 majangili wenye bunduki za kivita walimaliza tembo na vifaru. Mwaka 1988 waliwaua vifaru weupe watano waliokuwa chini ya ulinzi. Mwaka uliofuata George mwenyewe aliuawa Kora kwa risasi, akikimbilia kumwokoa mgeni wake. Wageni wakaogopa, na Meru ikasahaulika.

Hapo ndipo tunaona kikomo cha hadithi. Elsa alikuwa anajulikana kote duniani, filamu ilikuwa bado inaonyeshwa, na bado mbuga ilikaribia kufa. Jina kubwa halikumzuia jangili hata mmoja. Waliomzuia ni askari wa Shirika la Wanyamapori Nchini (KWS), wengi wao vijana wa kawaida, waliolala kichakani usiku baada ya usiku. Wanyama wakaletwa upya kutoka sehemu nyingine, vifaru wakajengewa eneo lao lenye ua, na Meru ikapumua tena.

Harambe ya Florida

Mwaka 1998 Disney ilifungua bustani ya Animal Kingdom huko Florida. Ndani yake kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kinachoitwa Harambe, chenye kuta zinazofanana na za Lamu, na maonyesho ya jukwaani ya The Lion King. Lori huwabeba wageni kwenda kuona wanyama, na safari hiyo inaitwa Kilimanjaro.

Jina la simba ni letu, na jina la kijiji limetokana na wito wetu. Kiingilio kinabaki Florida.

Hatuhitaji kulia kwa hilo. Joy Adamson alikuja akiwa mgeni, akaona hadithi palipokuwa na simba mmoja yatima, akaiandika mwenyewe na kurudisha sehemu kubwa ya pesa porini. Kasoro zake zilikuwa nyingi, lakini kazi hiyo aliifanya. Wazee wa baraza waliotenga ardhi hawajapata filamu. Wafugaji waliopoteza mbuzi hawajapata. Askari waliorudisha vifaru hawajapata. Vijana wanaochora katuni kwa simu na kompyuta wako Meru na Embu leo, kwa hiyo visingizio vimepungua.

Ukitaka kuanzia mahali, Lango la Murera liko baada ya Maua, na Lango la Ura liko upande wa Tharaka. Beba kitambulisho, maana mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Kaburi la Elsa liko kwenye kivuli kando ya mto. Hakuna foleni.