Imamu Abu Hanifa: duka, darsa na siku ya Jumamosi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu twalaba, wengi wetu tunamjua Imamu Abu Hanifa kwa jina la madhehebu yake tu. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafi, kwa hiyo Abu Hanifa tunamsikia pale ustadhi anapotaja hitilafu za wanazuoni katika udhu au sala. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba imamu huyu hakuishi kwa mshahara wa mtu. Alikuwa muuza vitambaa. Alijitafutia riziki yake mwenyewe huku akisoma na kufundisha, na duka lake likasimama. Nimeona niandike habari zake kwa upande huo, kwa sababu chuo chetu kimejaa wanafunzi wanaojitegemea: huyu anatuma na kutoa pesa kwa simu, yule anafundisha watoto masomo ya ziada, mimi nauza mabaibui na mitandio. Sote kilio chetu ni kimoja, kwamba muda hautoshi.

Jina lake ni Nu'man bin Thabit. Alizaliwa Kufa, nchini Iraq, mwaka 80 Hijiria, sawa na mwaka 699 Miladia. Asili ya ukoo wake ni Uajemi, na watu wa nyumba yao walikuwa wafanyabiashara. Bidhaa yake ilikuwa khazi, kitambaa cha thamani kilichofumwa kwa hariri na sufi. Kufa wakati ule ulikuwa mji mkubwa wa soko na wa elimu kwa pamoja. Kijana aliyetoka nyumbani asubuhi angeweza kugeukia sokoni au kugeukia msikitini, na Nu'man alianza kwa kugeukia sokoni.

Inasimuliwa kuwa siku moja alipita mbele ya mwanazuoni mkubwa wa Kufa, Imamu Sha'bi, naye akamwita na kumuuliza huwa anakwenda kwa nani. Kijana akajibu kuwa anakwenda sokoni. Sha'bi akafafanua kuwa anauliza habari za wanazuoni, si za wauzaji. Alipoambiwa kuwa kwa wanazuoni anafika mara chache, akamshauri asiipoteze akili aliyopewa, bali akae nao. Maneno yale yalimwingia. Tangu hapo akapunguza kwenda sokoni, akashika elimu.

Naomba tulitazame vizuri neno hilo, kupunguza. Hakufunga duka wala hakuuza mtaji ili awe mwanafunzi. Alikata sehemu ya muda wa soko akaipa elimu, na biashara akaipanga upya ili iweze kwenda hata yeye asipokuwepo. Alikuwa na mshirika, Hafs bin Abdurrahman, ambaye alikuwa akipelekewa bidhaa na kuziuza. Hivyo bidhaa iliendelea kutoka na fedha kuingia hata pale mwenye mali alipokuwa amekaa mbele ya mwalimu wake.

Mwalimu huyo alikuwa Hammad bin Abi Sulayman, naye alikaa kwake miaka 18. Baada ya miaka kama kumi alitamani kuanzisha darsa yake. Ikatokea Hammad akaondoka kwenda Basra kwa sababu ya msiba wa jamaa yake, akamwachia kiti. Kwa muda wa miezi miwili Abu Hanifa akaulizwa mambo ambayo hakuwahi kuyasikia kwa mwalimu wake, akawa anajibu na kuyaandika majibu yake. Hammad aliporudi alionyeshwa maswali 60. Akakubaliana naye katika 40 na akamkosoa katika 20. Abu Hanifa akaapa kutoachana naye mpaka kifo kiwatenganishe, na ndivyo ilivyokuwa, kwani Hammad alifariki mwaka 120 Hijiria. Mimi katika kisa hiki huvutiwa zaidi na ile orodha. Mtu anajibu maswali kwa miezi miwili, kisha ana hesabu kamili ya kila alichojibu, tayari kukaguliwa. Ni tabia ya mwenye duka anayejua kilichotoka na kilichobaki, naye aliihamishia kwenye elimu.

Baada ya kifo cha mwalimu wake yeye ndiye aliyekalia kiti, na sasa mizigo ikawa miwili kamili. Wasimulizi wa maisha yake wametuachia habari za namna alivyoigawa wiki. Sokoni alikuwa akikaa kuanzia wakati wa dhuha mpaka Adhuhuri. Siku ya Ijumaa aliwakusanya wanafunzi na rafiki zake nyumbani, akawapikia vyakula vya namna mbalimbali. Jumamosi ilikuwa siku ya haja zake mwenyewe. Siku hiyo hakuonekana darsani wala sokoni. Alishughulikia mambo ya nyumba yake na mashamba yake.

Niliposoma habari hizi mara ya kwanza nilishangazwa na ufupi wa saa za duka. Kutoka dhuha mpaka Adhuhuri ni saa chache tu, na huyu alikuwa tajiri. Lakini mteja wa Kufa alijua saa ya kumkuta. Mwanafunzi naye alijua kuwa Jumamosi hakuna darsa, hivyo hakumgongea mlango. Anayejiajiri hana msimamizi wa kumwambia sasa fungua, sasa funga. Asipoweka mipaka mwenyewe, wateja watamwekea, na kila mmoja ataweka wa kwake. Mimi nilianza kwa jambo moja tu: oda za mabaibui nazipokea kati ya Adhuhuri na Alasiri, na wateja wangu wote nimewaarifu. Walalamishi walikuwepo wiki ya kwanza. Siku hizi wanaandika ndani ya muda huo, na usiku wangu umebaki kwa vitabu.

Jumamosi ile nayo ina somo. Sisi tunahesabu kazi kuwa ni kuuza na kusoma tu. Kulipa madeni, kupanga stoo, kwenda kumwona mzazi, kufua, haya tunayachomeka popote yatakapoingia, na mara nyingi huingia katikati ya kipindi cha darasa. Abu Hanifa aliyapa siku nzima. Kwa kuwa yalikuwa na siku yake, hayakuzifuata siku nyingine.

Upande wa fedha alikuwa na utaratibu vilevile. Faida aliikusanya mwaka hadi mwaka, akainunulia mahitaji ya wanazuoni na wanafunzi, chakula na mavazi, kisha kilichobaki akawagawia taslimu. Inasimuliwa pia kuwa alijiwekea kikomo cha dirhamu 4,000 za kujiwekea mwenyewe, kilichozidi alikitoa. Mmoja wa walionufaika ni Abu Yusuf, kijana maskini ambaye wazazi wake walitaka aache darsa akatafute kibarua. Abu Hanifa akawa anampa dirhamu 100, na zikikaribia kwisha anampa nyingine kabla hajaombwa. Kijana yule ndiye aliyekuja kuwa kadhi mkuu zama za Khalifa Harun Rashid.

Na utaratibu haukuwa wa kubana faida. Mwanamke mmoja alimletea nguo ya hariri akitaka dirhamu 100. Akamwambia inastahili zaidi, naye akapandisha mia baada ya mia mpaka 400, akidhani anafanyiwa mzaha. Mwishowe akaletwa mtu wa kuithamini, ikanunuliwa kwa 500. Siku nyingine alimpelekea Hafs bidhaa ambayo nguo yake moja ilikuwa na kasoro, akimwagiza ambainishie mnunuzi. Hafs akasahau, akauza, na mnunuzi hakupatikana tena. Abu Hanifa akaitoa sadaka fedha yote ya mzigo ule. Hafs alikuwa mshirika mwema, lakini Imamu alibeba dhamana ya kosa lililofanyika yeye akiwa darsani, kwa sababu duka lilikuwa lake.

Darsani kwake mambo yalikwenda kwa mpangilio uleule. Suala lilitupwa katikati, wanafunzi wakajadiliana, wakati mwingine kwa siku kadhaa, na lilipokwisha kupevuka ndipo lilipoandikwa. Wanazuoni wanamtaja kuwa wa kwanza kuipanga elimu ya fiqhi katika milango, kuanzia tohara, kisha sala, kisha ibada nyingine na miamala. Kila anayefungua kitabu cha fiqhi leo na kukuta mlango wa tohara umetangulia, ananufaika na mpangilio wa namna hiyo.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike makala hii. Zama za mwisho za Bani Umayya, liwali wa Iraq, Ibn Hubayra, alimtaka ashike wadhifa serikalini. Akakataa. Akapigwa viboko siku kadhaa, akazidi kukataa, na hatimaye akahamia Makka mpaka utawala ulipobadilika. Wakaja Bani Abbas, naye Khalifa Mansur akamtaka awe kadhi. Akakataa tena, kama alivyokuwa akikataa zawadi zake, kwa kuchelea kuwa hukumu zake zitafuata matakwa ya mtawala. Akafungwa Baghdad, na huko akafariki mwaka 150 Hijiria, sawa na 767 Miladia. Ni mwaka uleule aliozaliwa Imamu Shafi. Watu walijaa katika jeneza lake, akazikwa katika makaburi ya Khayzuran mjini humo.

Tujiulize: mtu hupata wapi nguvu ya kukataa mara mbili? Imani ndiyo ya kwanza, hilo halina mjadala. Lakini pia chakula chake hakikutoka kwa mtawala. Kilitoka kwenye duka lililofunguliwa dhuha, kwa mshirika aliyechaguliwa vizuri, na kwa hesabu zilizofungwa kila mwaka. Mtu ambaye mambo yake yamevurugika, ana madeni asiyoyajua idadi na kazi zisizokwisha, siku akiletewa cheo chenye sharti baya atakipokea huku akisema hana njia. Utaratibu wa Abu Hanifa ulimwachia njia.

Sisi hatuitwi na makhalifa. Tutaitwa na mengine: nafasi ya kazi inayotaka utie sahihi hesabu za uongo, au mkopo wa riba unaokuja wakati mtaji umekatika. Siku hiyo itategemea kwa kiasi fulani jinsi tunavyoishi wiki hii ya kawaida, ambayo hakuna anayetutazama. Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, kila mmoja wetu mwenye kibiashara chake aandike saa zake za kuuza na kuwaarifu wateja wake, achague siku moja ya haja zake, na aijue faida yake kabla hajaitumia.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Abu Hanifa, atubarikie nyakati zetu na riziki zetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoweza kukataa haramu inapokuja na sura nzuri. Wabillahi tawfiq.