Hayati Sokoine na vita ya kupeleka maendeleo mikoani

MAELFU ya wakazi wa Jiji la Arusha hupita kila siku katika Barabara ya Sokoine, inayoanzia Mnara wa Saa na kuelekea magharibi mwa jiji. Wengi wao walizaliwa baada ya mwenye jina hilo kufariki dunia, Aprili 12, 1984.

Hayati Edward Moringe Sokoine hukumbukwa zaidi kwa vita yake dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utumishi wake ilihusu suala jingine ambalo bado linawaumiza vichwa viongozi: fedha za serikali ziifikie vipi mikoa, na nani awe na kauli juu ya matumizi yake.

Sokoine alizaliwa Agosti 1, 1938, Monduli, magharibi mwa Mlima Meru, katika familia ya wafugaji wa Kimaasai. Alisoma Monduli na baadaye Umbwe, mkoani Kilimanjaro, na kumaliza masomo mwaka 1958. Mwaka 1961 alijiunga na TANU, na mwaka uliofuata akaenda Ujerumani Magharibi kusomea utawala.

Aliporejea mwaka 1963 alikabidhiwa kazi ya Ofisa Mtendaji wa Wilaya ya Masai. Wilaya hiyo ilienea katika maeneo ambayo leo ni Monduli, Longido, Ngorongoro, Kiteto na Simanjiro, na eneo lake lilikuwa kubwa kuliko Mkoa mzima wa Kilimanjaro. Barabara zilikuwa chache, maji yalikuwa ya shida, na shule zilikuwa za kuhesabika.

Mwaka 1965 wananchi wa huko walimchagua kuwa mbunge wao. Miaka miwili baadaye, mwaka wa Azimio la Arusha, aliteuliwa Naibu Waziri. Mwaka 1970 akawa Waziri wa Nchi, na mwaka 1972 akapewa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa.

Katika miaka hiyo jimbo lake lilikuwa likipokea mradi mkubwa wa mifugo na malisho uliofadhiliwa na Marekani kati ya mwaka 1970 na 1980. Yalichimbwa mabwawa, yakajengwa majosho na kuundwa vyama vya ranchi. Ufadhili ulipokoma, vyama vingi havikuweza kujiendesha. Lilikuwa funzo chungu kwamba mradi usio na mwenyewe kijijini hufa mara mfadhili anapofunga virago.

Wakati huohuo utawala wa mikoa ulikuwa umebadilishwa. Julai 1972 serikali ilianzisha Madaraka Mikoani, ikavunja halmashauri za wilaya na miji, na kazi zao kuwekwa chini ya wakurugenzi wa maendeleo. Lengo lilikuwa kusogeza maamuzi karibu na wananchi. Lakini waliopelekwa mikoani walikuwa watumishi wa serikali kuu, waliowajibika kwa Ofisi ya Waziri Mkuu kuliko kwa wakazi wa wilaya zao.

Pigo jingine lilifuata mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa. Wakulima wa kahawa wa miteremko ya Mlima Meru, waliozoea kuuza mazao kupitia chombo chao wenyewe, wakajikuta mikononi mwa mamlaka ya zao iliyoundwa na serikali.

Huo ndio mfumo aliourithi Sokoine alipoapishwa kuwa Waziri Mkuu Februari 1977. Ofisi yake ndiyo iliyosimamia mipango ya maendeleo ya mikoa yote.

Mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Arusha, iliyokuwa makao makuu ya Jumuiya hiyo tangu 1967, ilibaki na majengo makubwa na ajira zilizotoweka. Serikali haikuyaacha majengo hayo yawe magofu. Mwaka 1978 ilianzisha Kituo cha Kimataifa cha Mikutano, AICC, ambacho kiliupa mji njia mpya ya kujipatia kipato. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kurejesha mabaraza ya miji.

Kwa upande wa vijijini, kila mkoa ulitakiwa kuwa na mpango wake wa pamoja wa maendeleo, na wafadhili wakagawana mikoa. Ujerumani Magharibi ilichukua Tanga, Japan ikaenda Kilimanjaro, na Marekani ikasaidia Arusha. Arumeru ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizonufaika. Udhaifu wa utaratibu huo ni kwamba neema ya mkoa ilitegemea uhusiano wa taifa na mfadhili mmoja.

Udhaifu huo ulidhihirika mapema. Vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikausha hazina, bei ya mafuta ikapanda, na fedha za kigeni zikaadimika. Novemba 1980 Sokoine aliondoka katika wadhifa huo.

Alirejeshwa Februari 1983, maduka yakiwa matupu na sabuni ikiwa anasa. Msako wa wahujumu uchumi alioungoza uliwatia mbaroni zaidi ya watu 1,000. Wananchi wengi walimshangilia. Aidha, wapo waliohoji mahakama maalumu iliyoundwa kwa ajili ya kesi hizo, ambayo iliwanyima watuhumiwa baadhi ya haki za kawaida za kisheria.

Nyuma ya kishindo hicho, kazi nyingine ilikuwa ikiendelea bila kelele. Kwa sheria zilizopitishwa mwaka 1982, halmashauri za wilaya zilianza tena kazi Januari 1984 na ushirika ukarudishiwa uhai. Serikali ilikuwa imekiri kwa vitendo kwamba kuvunja vyombo hivyo kulikuwa kosa. Sokoine, aliyewahi kusimamia mfumo wa zamani, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati mfumo huo ulipoanza kubomolewa.

Hakuishi kuyaona matunda. Alipokuwa njiani kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam baada ya kikao cha Bunge, gari lake liligongana na jingine eneo la Dakawa, mkoani Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alizikwa Monduli Juu, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Morogoro kikapewa jina lake.

Mwaka 2024 ilitimia miaka 40 tangu kifo hicho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifufuliwa, na makao yake makuu yakarudi Arusha. Manyara ni mkoa unaojitegemea tangu 2002, na halmashauri zina madiwani wa kuchaguliwa. Hata hivyo, nyingi bado zinategemea ruzuku kutoka Hazina kwa sehemu kubwa ya bajeti zao.

Maisha ya Sokoine yanaonyesha kwamba fedha za serikali pekee hazitoshi kuinua mkoa. Mabwawa na majosho ya Umaasaini yalijengwa kwa fedha nyingi. Kilichokosekana ni chombo cha wananchi cha kuyatunza, na chombo cha namna hiyo, kikishavunjwa, huchukua miaka mingi kujengwa upya.