Al-Jahiz na panya wa Lucky Summer

Juma lililopita nililala siku tatu kwa dadangu Nairobi, mtaa wa Lucky Summer. Kwa wasioujua mtaa huo, ni wadi mojawapo ya eneo bunge la Ruaraka, jirani na Korogocho na Baba Dogo, si mbali na jaa kuu la taka la Dandora. Asubuhi ukitoka uani utawaona korongo wakubwa wenye upara wakipita juu kuelekea jaani, kama watu waendao kazini.

Kilichonipeleka ni mpwa wangu wa kidato cha nne. Tangu udogo wake alisema atasomea uuguzi, na uuguzi hauingiliki bila biolojia. Muhula huu amevunjika moyo. Alimwambia mamake kwamba somo lile ni la watu wengine, majina yote ya Kizungu, na hakuna hata mmoja wa kwetu aliyewahi kulifikiria. Dadangu akanipigia simu nije nizungumze naye, ingawa diploma yangu si ya sayansi na yeye anajua.

Usiku wa kwanza sikuzungumza kitu, nilisikiliza. Binti akanieleza habari za panya. Ploti yao ilijaa panya, wapangaji wakachanga wakanunua sumu. Panya wakafa, na paka wa ploti wakawala wale panya, wakafa nao. Haikupita muda mrefu panya wakarudi, safari hii wengi kuliko mwanzo, maana taka zipo palepale na wa kuwawinda hayupo. Alinieleza kama kisa cha kuchekesha. Nikamwambia kwamba hilo ndilo somo analosema hana, na kwamba mtu wa kwanza kumfahamu mimi aliyeandika hayo kwa kirefu alikuwa Mwislamu, na huenda damu yake ilikuwa ya pwani yetu.

Mpenzi msomaji, mtu huyo ni Abu Uthman Amr bin Bahr, aliyezaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 776. Dunia inamjua kwa jina la utani, al-Jahiz, yaani mwenye macho yaliyotoka nje. Hakuwa na sura ya kupendeza na yeye mwenyewe alilifanyia mzaha jambo hilo. Wapokezi wa habari zake wanasema babu yake alikuwa mtu mweusi, mchunga ngamia wa kabila la Kinana. Ndiyo sababu wengi humhesabu katika kizazi cha Wazanji, jina ambalo Waarabu wa zama hizo waliwaita watu wa pwani ya Afrika Mashariki.

Alikulia katika ufukara. Inasimuliwa kwamba aliuza samaki na mikate kando ya mfereji mmoja wa Basra, na jioni akienda kuwasikiliza wanavyuoni msikitini. Vitabu hakuweza kununua. Alichofanya ni kukodi maduka ya wauza vitabu usiku, akajifungia humo na kusoma mpaka kukucha. Nilipofika hapa, mpwa wangu aliinua uso. Yeye na nduguze wawili wanagawana taa moja na meza moja.

Maandishi yake juu ya ukhalifa yalimfikia Khalifa al-Ma'mun, yakampendeza, na njia ya Baghdad ikafunguka. Huko aliishi kwa kalamu, na kalamu ya zama zile ilihitaji mfadhili. Wake alikuwa waziri Ibn al-Zayyat, na huyo ndiye aliyetunukiwa Kitabu cha Wanyama, Kitab al-Hayawan. Waziri alipoangushwa na kuuawa mwaka 847, al-Jahiz naye akawa hatarini, na inasimuliwa kuwa alifikishwa mbele ya hasimu wa waziri akiwa amefungwa minyororo. Ulimi wake ndio uliomwokoa. Khalifa al-Mutawakkil alitaka kumpa kazi ya kuwasomesha wanawe, lakini alipomwona uso alibadili nia, akampa dirhamu 10,000 aende zake.

Kitabu cha Wanyama kina juzuu saba na kinataja wanyama zaidi ya 350. Hakikuandikwa kama vitabu vyetu vya shule. Humo mna mashairi, visa, mabishano ya dini na vichekesho, kwani aliogopa msomaji asichoke. Alimsoma Aristotle, akakubali alilokubali na kumpinga alipoona sivyo. Nia yake ilikuwa kuonyesha hekima ya Mwenyezi Mungu hata katika mdudu tunayemdharau. Kiitikadi alikuwa Muutazila, na masheikh wetu hawaifuati njia hiyo. Lakini jicho lake lilikuwa jicho.

Katika kitabu hicho anaeleza jinsi panya anavyotoka kutafuta riziki, akala walio dhaifu kuliko yeye, huku akijihadhari na nyoka na ndege wanaomtafuta yeye. Kila mwenye kula naye analiwa, na wadogo huishi kwa hila pale nguvu zisipowatosha. Hii ndiyo shuleni huitwa mlolongo wa chakula. Ukikata pete moja, kama ilivyokatwa ya paka pale kwenye ploti, mlolongo wote hulegea.

Siku hizi kwenye makundi ya WhatsApp husambazwa kwamba al-Jahiz alimtangulia Darwin kwa miaka elfu na akagundua kila kitu. Nilimwonya binti asiliandike hilo kwenye mtihani. Al-Jahiz hakuijua seli. Hadubini ilikuja Ulaya miaka kama 800 baada yake. Aliona nani anamla nani, lakini hakuweza kuona kinachopitishwa kutoka tumbo hadi tumbo, nacho ni nishati ya jua. Jani huinasa na kuihifadhi katika sukari. Ndani ya seli, vijumba viitwavyo mitokondria huivunja sukari hiyo kwa msaada wa oksijeni na kuifunga nishati katika vifurushi vidogo viitwavyo ATP, ambavyo mwili huvitumia kukimbia, kukua na kupumua. Sehemu kubwa hupotea kama joto. Kwa makadirio ya kawaida, asilimia 10 tu ndiyo huvuka kutoka ngazi moja ya mlolongo hadi nyingine. Ndiyo maana panya ni wengi, paka ni wachache, na mwewe utamwona mmoja mmoja.

Kuna jambo jingine la kutuhusu. Al-Jahiz aliandika risala ya kutetea fahari ya watu weusi mbele ya weupe. Humo anawataja Wazanji wa Qanbalu na wa Lunjuya, majina ambayo wanahistoria wengi huyaona kuwa ni Pemba na Unguja. Visiwa vyetu vimo katika karatasi zake, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Ukweli mwingine pia nitausema: katika maandishi mengine yamo maneno yake ya kuwadharau hao hao Wazanji. Alikuwa mtu wa zama zake, na sisi hatuna haja ya kumfanya malaika.

Uzeeni alipooza upande mmoja wa mwili, akarudi Basra. Alifariki mwishoni mwa 868 au mwanzoni mwa 869, akiwa na miaka zaidi ya tisini. Husemwa kwamba vitabu vyake vilimwangukia, na kisa hicho kinapendwa sana ingawa hakina ushahidi madhubuti. Mwaka huohuo wa 869 watumwa walioitwa Wazanji, waliokuwa wakikwangua chumvi katika ardhi ya mabwawa karibu na Basra ili ilimike, waliasi. Vita vyao vilidumu miaka kumi na minne. Mji uliomlea mjukuu wa mchunga ngamia uliinuka kwa migongo ya watu kama babu yake.

Siku ya kuondoka kwangu mpwa wangu hakuniahidi kitu, wala sikumtaka aniahidi. Nilimkuta mezani na daftari. Amechora jaa, panya, paka, mwewe na korongo, kila mmoja na mshale wake, na pembeni ameandika sababu ya panya kurudi. Akaniuliza kama sumu ilimuua paka palepale seli zinapotengenezea nguvu. Nikamwambia, mjomba wako hajui, kamuulize mwalimu wako Jumatatu. Alhamdulillahi, amekwenda kuuliza.